Jibu la Ndila

Jumatatu baada ya wimbo wa Kisilu kushika namba moja redioni, mama yake, Kalondu, alifukuzwa mtaroni.

Alikuwa amefika mapema shambani kwa Kaluki, jembe begani na chupa ya uji mkononi, kwa sababu wiki hiyo ilikuwa zamu ya Kaluki kuchimbiwa. Mvua ya El Nino ilikuwa imeisomba mitaro ya kukinga udongo ya Nunguni karibu yote. Mwaka wa pili huo, wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, bado walikuwa wanaichimba upya, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakikimbizana na mvua ya Oktoba. Mwanamke asiyekuwa na mwethya alichimba peke yake, na miteremko ile haikuwa ya kuchimbwa na mtu peke yake. Shamba la Kalondu lilikuwa la mwisho kwenye zamu, na ndilo lililoumia zaidi kuliko yote.

Walikuwa wakiimba alipokuwa bado njiani. Alipokanyaga ukingo wa mtaro wakanyamaza, wote kwa pamoja, mpaka akasikia majembe.

"Mwaamkaje?" akasalimia.

Kaluki, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi na mdomo usio na breki, alipanda juu akijipangusa mikono kwa leso.

"Mama Kisilu, rudi nyumbani."

"Nirudi kufanya nini? Leo si ni kwako?"

"Ni kwangu, ndiyo maana nakuambia. Wewe ukiingia hapa, hakuna mtu ataimba. Na bila kuimba hii kazi haiendi. Nani anajua umebeba nini kwa hiyo kikapu? Labda ni redio."

Wanawake wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha puani kinachokuchuna ngozi. Kalondu akafunua kikapu chake mbele yao, akawaonyesha: viazi vitatu vya kuchemsha na kikombe cha plastiki. Baadaye njiani aliona haya kwamba alikifunua. Mwizi ndiye anayepekuliwa, naye alikuwa amejipekua mwenyewe bila hata kuulizwa mara ya pili.

Rafiki yake Ndila alikuwa kule chini, mwisho wa mstari, anachimba. Hakuinua kichwa hata kidogo.

Ili ujue kosa lilikuwa nini, lazima ujue sheria ya mtaro wa akina Kaluki. Mle ndani mtu aliimbwa. Mvivu aliimbwa, mchoyo aliimbwa, mwenye mume wa ajabu ndiye aliyeimbwa zaidi. Ukiimbwa hukasiriki, unachimba huku unatafuta maneno, kisha unamjibu aliyekuimba. Na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mtaroni kabla ya jibu kuimbwa na kuitikiwa na wote. Likishaitikiwa, mambo yamekwisha: mnapanda juu, mnakunywa uji, na hakuna anayelitoa neno hata moja nje ya shamba. Kalondu alikuwa fundi wa nyimbo hizo. Mwaka uliopita, akichimba bega kwa bega na Ndila, rafiki yake tangu walipoolewa kijiji kimoja, aliimba hivi kwa Kikamba:

*Mume wa Ndila alienda Mtito kununua chumvi.
Chumvi gani hiyo, jamani, ya miaka saba?*

Mtaro mzima uliangua kicheko. Ndila mwenyewe alicheka mpaka akaketi kwenye udongo, kisha akasimama akajibu, na jibu lake likawa kali kuliko wimbo. Likaitikiwa. Wakanywa uji.

Lakini siku hiyo Kisilu alikuwa nyumbani kutoka Nairobi na redio kaseti ya kurekodi. Aliitega juu ya mtaro, akasema anataka sauti ya mama ya kumliwaza kule mjini. Ni mama gani angekataa? Kumbe kijana alikuwa anasuka midundo ya hip hop na mtu mmoja wa studio. Wakaichukua sauti ya Kalondu kama ilivyo, na vishindo vya majembe chini yake, wakaifanya kiitikio. Kisilu akarap katikati kwa Sheng na Kikamba juu ya wanaume wanaokimbia nyumba zao. Wimbo huo waliuita "Chumvi". Mwezi wa Juni mwaka huu ulikuwa namba tisa. Julai ukawa namba nne. Katikati ya Agosti mtangazaji alipiga kelele kama aliyeona moto, akasema Kenya nzima ina swali moja tu: chumvi gani hiyo ya miaka saba?

Jibu la Ndila halikuwemo.

* * *

Mulei, mume wa Kalondu, alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, ukutani upande wa jua, Biblia mapajani. Tangu serikali ilipompunguza kazini kwenye idara ya barabara miaka mitano nyuma alikuwa mzee wa kanisa na si kitu kingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa.

"Umerudi mapema," alisema.

"Wamenifukuza."

"Wivu." Akafungua ukurasa mwingine. "Mtoto wa mtu akipanda juu, watu wanauma vidole. Pasta amepita hapa. Amesema kanisa linamwombea Kisilu."

"Jumapili si alisema hip hop ni ya shetani?"

"Alisema. Halafu leo ameuliza kama Kisilu anaweza kusaidia na mabati ya upande wa akina mama."

Kalondu alicheka kwa hasira. Kila mtu alikuwa anawadhani matajiri. Dukani kwa Nzuki, ambako aliweza siku zote kuchukua sukari na kulipa baada ya mavuno, sasa Nzuki aliweka mkono juu ya mizani na kusema mbele ya watu, "Mama wa staa naye anakopa? Wacha mchezo, mama." Wakati Kisilu, kwa mdomo wake mwenyewe kwenye simu ya posta, alikuwa amemwambia kwamba kaseti zinazouzwa barabarani zote ni za wezi na studio imechukua pesa za hizo chache halali. Huo ndio utajiri wao.

Lakini hayo ya Nzuki yalikuwa kofi la mtoto ukilinganisha na yaliyompata Ndila. Watoto wa shule walimfuata kutoka kisimani wakiimba. Madereva wa matatu walipunguza mwendo kwenye kona ya nyumba yake ili abiria wamwone. Na kule Mtito Andei, ambako mumewe Ndululu aliishi na mwanamke mwenye hoteli ya madereva wa malori, madereva walianza kumwita Bwana Chumvi na kugonga meza. Ndululu alikuwa ameahidi kuja nyumbani mwezi wa Desemba, kwa siku mbili tu, kuwapokea wazee kutoka Kanyangi waliotaka kumposa Mbinya, binti yake na Ndila. Baba hawezi kukosekana siku mbuzi wa posa wanapoletwa. Sasa alituma utingo wa lori na maneno mafupi: hatakuja kuchekwa. Wazee wa Kanyangi nao waliposikia, wakauliza kama huyu msichana ndiye binti wa yule wa redio. Tangu hapo wakanyamaza.

* * *

Jioni hiyo Kalondu alienda kwa Ndila. Alibeba kuku, jogoo mzuri mwekundu, akamshika miguu njia nzima na watu wakiangalia. Ndila alikuwa uani anapepeta mbaazi. Hakumpa kiti.

"Mama Mbinya, nimekuja kuomba msamaha."

"Sijakuuliza umekuja kufanya nini."

"Mimi sikujua. Naapa. Mtoto alisema ni ya kusikiliza."

"Najua hukujua. Kwani nimesema ulijua?" Ndila aliendelea kupepeta, makapi yakimwangukia Kalondu miguuni. "Hiyo kuku rudi nayo. Nikiila watu watasema nimelipwa."

"Basi unataka nifanye nini? Niambie, nitafanya."

Ndila akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho makavu, na tangu mambo haya yaanze hakuna aliyemwona akilia, jambo lililowaudhi wengi.

"Mimi uliponiimba nilikasirika?"

"Hapana."

"Nilikujibu ama sikukujibu?"

"Ulinijibu. Ulinimaliza kabisa."

"Nani alisikia?"

"Sisi wote tulisikia. Mtaro wote."

"Nyinyi ishirini. Na huyu mwanamke wa hoteli ya Mtito alisikia? Wazee wa Kanyangi walisikia? Wanajua tu Ndila aliimbwa akanyamaza kama gunia." Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Mimi sijawahi kunyamaza, Kalondu! Bwana alienda nikalima, nikasomesha, sikunyamaza. Sasa mtoto wako amenikata ulimi na makasi. Nataka jibu langu. Si pesa, si kuku. Litoke kwa mdomo wangu, watu wasikie, na wewe uitikie."

Kalondu alihisi moyo ukimpanda. Jambo hili liliwezekana! Jumamosi Kisilu alikuwa anakuja Nunguni na lori la muziki, onyesho la bure kwa wote.

"Utaimba Jumamosi," alisema. "Juu ya lori. Kwa maiki. Nitamwambia Kisilu."

"Na bwana yako?"

Jibu la Ndila lilimhusu Mulei. Mulei hakuwahi kulisikia, kwa sababu lilibaki mtaroni kama inavyotakiwa. Ndila alikuwa ameimba:

*Heri wangu aliyepotea, sijui alipo.
Wa Kalondu yupo, amekaa, na anakula.*

"Wewe imba," Kalondu alisema mwishowe. "Ni haki yako. Ukishajibu, Kaluki atanirudisha?"

"Nikishajibu, mambo yamekwisha. Hiyo ndiyo sheria." Akachukua ungo wake. "Lakini kama ni uongo, usinisalimie tena mpaka tuzikane."

* * *

Kisilu alifika Jumamosi asubuhi na viatu vyeupe ambavyo, mama yake alikuja kujua baadaye, vilikuwa vya kuazima. Alifuatana na mwenye studio, Evanson Wahome, mtu wa Nyeri, mwenye miwani ya jua na tabasamu la mtu anayeuza ng'ombe. Walikunywa chai. Mulei alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, akawa anamwita mwanawe "MC" kila sentensi.

"Kisilu," Kalondu alisema, "jibu la mama ya Mbinya ulilikata kwa nini?"

"Mwaitu," Kisilu akamjibu mama yake, "wimbo ni dakika nne. Halingetoshea."

"Lilitoshea mtaroni."

"Mama," Wahome akaingilia kwa upole wa kukera, "watu wanapenda swali. Ukiwapa jibu, wimbo umekufa. Hiyo ni biashara tu."

"Hiyo ni biashara yako. Mimi hapa nimefukuzwa. Mwanamke mwenzangu anafuatwa na watoto kama kichaa. Leo atapanda lori ajibu. Kama hapandi, mimi nitasimama mbele ya gurudumu."

Kisilu alimtazama Wahome kabla ya kusema chochote, na hilo lilimuuma Kalondu kuliko yote. Mwanawe, namba moja Kenya nzima, alikuwa anaomba ruhusa kwa macho kama kibarua.

Wahome alifikiri kidogo, akakuna kidevu. "Huyo ndiye Ndila mwenyewe? Ndila wa kweli? Hapo sawa. Baada ya mstari wa pili tunamwita. Watu watapenda sana."

"Jibu linasemaje?" Mulei aliuliza, akipuliza chai.

Kalondu aliinuka akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

* * *

Soko la Nunguni lilijaa mpaka vibanda vya nyanya vikasukumwa ukutani. Lori lilifunguliwa ubavu, spika zikapangwa mbili mbili, na ngazi ya chuma ikaegemezwa nyuma. Mulei alipewa kiti cha mbele kabisa, karibu na pasta. Wanawake wa mwethya walisimama pamoja upande wa posho mill, kinu cha kusagia unga, mikono wameikunja, Kaluki katikati. Walikuwa wamekuja kuona kama sheria itafuatwa. Kalondu aliwekwa juu ya lori, kwenye sanduku la spika, kwa sababu Wahome alisema mama wa msanii lazima aonekane.

Kisilu aliimba vizuri, hilo lisikataliwe. Aliruka, akatoa jasho, na kiitikio kilipofika, sauti ya Kalondu ilitoka kwenye spika kubwa kuliko alivyowahi kujisikia. Umati wote ukamalizia swali lake. Chumvi gani hiyo, jamani! Aliona watoto wanaojua jina la Ndila kabla ya kujua kusoma. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mstari wa pili ukaisha. Kisilu akainua mkono, mdundo ukabaki peke yake.

"Nunguni! Mnataka kujua Ndila ni nani?"

"Ndiyoooo!"

"Yuko hapa! Na leo anajibu! Mama Mbinya, karibu juu!"

Umati uligeuka kumtafuta. Ndila alitokea upande wa wanawake, kitambaa cheusi kichwani, gauni lake la Jumapili limepigwa pasi. Kaluki alimgusa bega alipopita. Alitembea polepole, na watu wakampisha, lakini kumpisha kwao hakukuwa kwa heshima. "Chumvi! Chumvi!" vijana wakaanza, wakipiga makofi kwa mdundo. Mmoja alimzibia njia, akampigia magoti kwa mzaha akimuuliza kama mzee amerudi na pakiti. Mwingine akamrushia kitu cheupe, kikampata begani. Ulikuwa unga wa mahindi, na soko zima likapasuka kwa kicheko.

Ndila akasimama. Akajipangusa bega. Alikuwa hatua chache kutoka kwenye ngazi, na akabaki hapo amesimama, uso umefumba, mdundo ukizunguka na kurudi, ukizunguka na kurudi.

"Mwaitu, hapandi," Kisilu alimnong'oneza mama yake. "Nimalize tu?"

"Ngoja."

"Watu watachoka."

Wahome, kule nyuma karibu na mashine, alifanya ishara ya kukata shingo. Kalondu aliona kila kitu kinamponyoka. Sasa lori lingeondoka, Ndila angerudi nyumbani na unga begani, na wale wanawake wa posho mill wangemgeuzia Kalondu migongo yao mpaka atakapozikwa. Aliona pia mumewe, amekaa, miguu amekunja nne, anatabasamu. Akasema moyoni, potelea mbali. Jibu lazima litoke. Akamnyang'anya mwanawe maiki.

Akaliimba mwenyewe. Aliimba kwa sauti yake ile ya mtaroni, akijielekezea kidole kifuani ili kila mtu aone nani anaimbwa:

*Heri wa Ndila aliyepotea, hajui alipo.
Wangu yupo, amekaa, na anakula!*

Halafu soko likalipuka. Watu walishikana, wakalia machozi, wakarukaruka, na mtu fulani akaanza, wote wakafuata: amekaa, na anakula! Amekaa, na anakula! Vidole vikaelekea kiti cha mbele. Pasta alikohoa, akaangalia viatu vyake. Mulei hakuelewa mara moja. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka likawa jambo la huruma. Kisha akainuka. Akatafuta njia ya kutoka, na watu wakamwambia, "Kaa, mzee, kaa!" Akapita katikati yao na suti yake ya kanisani, akiwa ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili.

Kalondu alimwona. Ilimchoma, lakini alikuwa ameshaamua kulipa, na hiyo ndiyo ilikuwa bei. Aliangalia upande wa posho mill akitegemea kumwona Kaluki akiitikia. Kaluki hakuitikia. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo.

Akashuka ngazi mbiombio, akakaribia kujikwaa, akamkuta Ndila chini yake kabisa. Nyuma yake, juu, Wahome alikuwa anacheka peke yake na kugonga mashine ya kurekodi kwa kiganja. "Nimeipata! Yote! Hii ni version ya pili, Kisilu, hii ni kubwa kuliko ile!"

"Mama Mbinya," Kalondu alisema akihema, "limetoka. Wote wamesikia. Nimejiimba mimi mwenyewe mbele ya bwana yangu, umeona? Limetoka."

Ndila alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mkono wa kulia. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya kidato cha kwanza. Aliutazama huo mguu, na Kalondu naye akautazama.

"Nilikuwa nimeshapanda, Kalondu," Ndila alisema. "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nilifikiri umeogopa. Umesimama sana..."

"Nilikuwa natafuta maneno. Mwaka mzima umepita. Nilikuwa na jibu jipya."

"Basi panda! Panda sasa, maiki iko, Kisilu atakupa..."

"Nikaimbe nini? Umeshajijibu mwenyewe." Akaushusha mguu, taratibu, kama mtu mwenye goti bovu. "Kwanza uliniimba. Sasa umenijibia. Mimi kwa hii wimbo nimebaki jina tu."

Kalondu alimshika mkono. Ndila akautoa, bila nguvu, bila hasira hata, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kalondu, kwa sababu mtu mwenye hasira bado unaweza kumwomba. Juu ya lori Kisilu alikuwa ameanza kuimba jina la mama yake, na umati ukalidaka, maelfu ya makofi kwa pamoja. Ka-lo-ndu! Ka-lo-ndu! Wahome aliinama kutoka juu, mkono ameunyoosha, pete inang'aa.

"Mama, rudi! Wanaitaka tena!"

Ndila alimpisha, akafuta unga uliobaki begani.

"Nenda," alisema. "Unaitwa."